Mkuu Alivyomkalisha Ikiring

Harriet uko? Usinipigie, nitalia. Soma tu.

Unaijua kozi yangu ya ujasiriamali, ile niliyohangaika kuipanga. Leo wageni wa kukagua mitaala wamekuja hapa chuoni Tororo kuiona. Nikamsimamisha Ikiring, binti wa mwaka wa pili, aeleze jinsi biashara yake ya kuku ilivyokufa kule Mukuju. Ndilo somo lenyewe! Mtu aseme alipoangukia, wenzake wajifunze.

Anaeleza vizuri, kuku walivyougua, yeye akachelewa kuwapa chanjo kwa kuogopa kuuliza. Darasa zima wanaandika.

Mara mkuu wa idara akasimama. Mbele ya wageni! "Wewe, kaa chini. Hatukuita wageni waje kuona walioshindwa. Nani hapa amefanikiwa?"

Walioshindwa, Harriet. WALIOSHINDWA. Halafu akacheka.

Ikiring akakaa, akaniangalia mimi. Mimi niliyemwambia asiogope!

Nikasema, "Mzee, hilo ndilo somo. Ikiring, simama umalize."

Mkuu akaninong'oneza, "Madam, utajuta."

Nikarudia kwa sauti, "Simama, mama, umalize."

Akasimama. Sauti ilimkatikakatika lakini alimaliza. Kisha Okochi, yule mkimya wa viti vya nyuma, akanyoosha mkono: "Hata mimi duka langu la Busia lilikufa. Naomba nieleze."

Mkuu akatoka, akaubamiza mlango.

Kesho nimeitwa ofisini, huenda wakaninyang'anya kozi. Waninyang'anye! Mlango ulipobamizwa, hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyegeuka. Wote walikuwa wanamsikiliza Okochi.