Upande wa Nyuma wa Karatasi

Kigali, 2 Februari 2025

Mpendwa Baba,

Liko swali ambalo nimeshindana nalo tangu nilipotoka chuoni, na barua yako imelirudisha mezani: nimwamini nani anaponieleza jambo ambalo mimi mwenyewe sikuwepo kuliona? Nimeliandika kwanza, hata kabla ya salamu, na kwa hilo naomba radhi. Shikamoo, Baba. Goti la Mama linaendeleaje? Kaka Goodluck ameacha kukohoa? Mimi ni mzima, ila kazi haipungui.

Unasema magazeti hayaji tena Ngara. Kwamba basi la Mwanza lililokuwa likikushushia furushi zima sasa linapita bila hata kupunguza mwendo, na kwamba wewe, uliyekuwa wakala wa magazeti tangu kabla sijazaliwa, unapata habari kwenye simu ya kaka yangu, ambako kila mtu ni mhariri. Unaniomba niwe gazeti lako. Unataka karatasi, mwandiko wangu na sahihi yangu kwa sababu, kama ulivyoandika, ujumbe wa simu hauna baba.

Ombi hilo limenifurahisha na kunitia shaka kwa pamoja. Unaijua kazi yangu: kila asubuhi, katika ofisi yetu hapa Kiyovu, nasoma tovuti na kurasa za habari za nchi jirani, kisha naandika muhtasari kwa ajili ya wafanyabiashara wanaotulipa. Hapo ndipo nilipojifunza kutoamini. Wiki iliyopita tovuti tatu zilitoa habari moja, na zote zilikosea jina la mto uleule kwa namna ileile. Wasomaji walidhani wana mashahidi watatu. Walikuwa na mmoja, tena asiyeujua mto wenyewe.

Umeuliza pia kama huku kuna linalosemwa juu ya mahindi ya kwetu, kwa kuwa kikundi chenu cha wakulima kimejaza ghala na hakijui kiuze sasa au kisubiri wanunuzi wa Kigali. Nilimwuliza mwenzangu Shyaka, aliyekulia Uganda na anayejuana na watu wa maghala ya Gikondo. Kesho yake alirudi na jibu: “Sista, iko kitu. Kuanzia mwezi wa tatu, mahindi yenye haina cheti ya sumukuvu itarudishwa mpakani.” Maana yake ni kwamba kila shehena itatakiwa iwe imepimwa ile sumu ya ukungu kabla ya kuvuka.

Geuza karatasi.

Sasa soma hapa kwa makini kuliko ulivyosoma kule mbele. Shyaka hakuona tangazo. Aliyemwambia Shyaka hakuona tangazo. Nimetafuta katika tovuti za serikali zote mbili, sikupata neno. Nimekuandikia yanayosemwa; kama ndivyo yalivyo, sijui. Msiuze hata gunia moja kwa sababu ya barua hii.

Binti yako,
Yvonne


Ngara, 12 Februari 2025

Binti yangu Yvonne,

Marahaba, mwanangu. Goti la mama yako limeamua kuzeeka pamoja naye; anakusalimu na anauliza kama unakula. Goodluck kikohozi kimemwacha, maneno ndiyo hayajamwacha. Mimi ni mzima, na tangu Jumamosi nimekuwa mtu tena.

Nitakueleza. Unaukumbuka ubao ulioko nje ya duka, ambapo nilikuwa napigilia ukurasa wa mbele kila gazeti lilipofika, ili wasioweza kununua wasome bure? Niliufuta vumbi, nikaipigilia barua yako pale. Watu walijaa hadi barabarani. Spesioza, mweka hazina wa kikundi, akanitania: “Mzee Gazeti, umefufuka! Leo umetuletea la jana au la kesho?” Nikamjibu, “La Kigali, tena lina sahihi.” Vijana wakalipiga picha kwa simu zao. Sikuwazuia, hata zamani walikuwa wakinakili matangazo ya kazi.

Usinikasirikie. Yale ya upande wa nyuma niliyasoma mwenyewe, nikayaelewa: ni adabu ya msomi, hapendi kujisifu kwamba anajua. Hata wahariri wa zamani waliandika “inadaiwa” katika habari ambayo mji mzima uliijua.

Ila sasa jambo limekuwa zito. Amekuja mnunuzi kutoka Kahama na malori yake, anataka ghala lote, kwa bei ya kuudhi. Goodluck, ambaye kikundi kimemkabidhi ufunguo, anasema tuuze kabla ya Machi. Spesioza anasema tusubiri. Wote wawili wananitazama mimi, na mimi nakutazama wewe. Hapa nimejenga jina kwa kutowahi kumuuzia mtu uongo, hata ule wa kuchekesha. Niandikie neno moja: ni kweli, au si kweli?

Ni mimi baba yako,
Zephaniah


Kigali, 21 Februari 2025

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Nashukuru kusikia kwamba mko salama. Mwambie Mama nakula, tena vizuri.

Sijafurahi kusikia kwamba barua yangu iko ubaoni. Uliniita mwenye adabu. Baba, shaka niliyoiandika kule nyuma ndiyo iliyokuwa habari yenyewe. Kule mbele palikuwa na maneno ya Shyaka tu. Tafadhali uing’oe leo.

Hata hivyo, ni haki nikueleze kilichotokea baadaye. Wiki hii habari hiyohiyo imenifikia ofisini kwa njia tatu: ukurasa mmoja wa Mwanza, kundi la wasafirishaji wa Kahama, na tovuti ya Kampala inayoandika kuhusu nafaka. Wote wanataja sumukuvu, wote wanataja Machi, na yule wa Kampala anasema amepata neno kwa “mtu aliye karibu na ofisi mjini Kigali”. Niliziweka kando siku nzima. Nilijiuliza kama natafuta sababu ya kuamini kwa kuwa wewe unangoja jibu. Kabla ya kufunga ofisi niliandika katika muhtasari wetu kwamba vyanzo vitatu vinakubaliana. Shyaka alinicheka. “Eh, Yvonne! Mimi nilikuambia ukakataa. Hao umewaamini sababu wako na tovuti?”

Nikautuma muhtasari hivyohivyo.

Uliomba neno moja. Siwezi kuandika “kweli”. Naandika “inaelekea”, na ningekuwa mahali penu ningeuza sehemu, nikaacha sehemu.

Binti yako,
Yvonne


Ngara, 14 Machi 2025

Yvonne,

Mama yako anakusalimu. Sote tunapumua.

Tuliuza. Goodluck alisoma “inaelekea” akatangaza “kweli”, nami nilikuwa nimesimama kando yake na sikumsahihisha, kwa hiyo na mimi nimo. Ghala lote lilikwenda. Sasa Machi imefika katikati na malori ya mahindi yanavuka, yakiwemo yaliyobeba mahindi yetu kwa jina la yule mnunuzi wa Kahama. Wapo wanaosema kuna malori yaliyorudishwa. Nimemtafuta aliyeyaona kwa macho yake, nimekosa.

Jumapili, baada ya ibada, Spesioza alikuja dukani. Hakunisalimu.

“Mzee, binti yako analipwa na nani?”

Nikasema, na ofisi.

“Na ofisi inalipwa na nani?”

Nikasema, na wafanyabiashara.

“Wafanyabiashara wa nini? Wa vitenge?”

Nikaanza kufuta vumbi mezani.

“Wa nafaka, sivyo? Basi tuambie tu, Mzee Gazeti. Mahindi yetu yalinunuliwa kwa barua, na mwandishi alishapewa chake.”

Watu hawakucheka, na hapo ndipo nilipoumia. Wangecheka ningejua bado ni utani.

Mwisho wa mwezi kikundi kinakutana kuamua kama nyumba yetu ibaki ndani yake au itoke. Tukitoka hatuna ghala, hatuna mbegu, na sina uso wa kukaa mbele ya duka. Kwa hiyo nakuuliza swali la Spesioza, na nakuuliza kama wakala anayemwuliza mwandishi: nani alikuambia, na alipata nini?

Zephaniah


Kigali, 20 Machi 2025

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Salamu kwa Mama, na kwa Goodluck pia, ingawa najua hazitaki. Nimeona kwamba hukujiita baba mwishoni mwa barua. Sahihi hiyo nimeisoma zaidi ya barua yenyewe.

Umeuliza nani aliniambia. Nitajibu lote, na lote linaniaibisha.

Niliiandikia ile tovuti ya Kampala, nikaomba ushahidi wao. Wakanitumia picha. Ulikuwa mwandiko wangu: upande wa mbele wa karatasi, juu ya ubao wako, na kichwa cha msumari kikionekana pembeni. Picha ilitoka dukani kwako ikaenda Kahama, Mwanza na Kampala. Njiani maneno yakachapwa upya, na kila aliyeyapokea akaondoa mahali yalikotoka na kuongeza uhakika wake. Vile vyanzo vitatu nilivyoviamini, Baba, vilikuwa mimi.

Ikabaki kujua Shyaka alipata wapi. Alinipeleka Gikondo kwa Kabera, msimamizi wa ghala, tukamkuta akigombana na wapakiaji.

“Weye ndiyo mama wa Kiyovu?” akaniuliza. “Huyu Shyaka alikuja hapa akaniuliza kama iko shida na mahindi ya Tanzania. Mimi nikawaza: ofisi kubwa inauliza, basi shida iko. Shida ya mahindi ni gani? Ni sumukuvu, siku zote. Itaanza lini? Mwanzo wa mwezi. Serikali haianzi kitu katikati.”

“Kwa hiyo ulibuni?”

“Oya, sikubuni! Nilijibu. Si ninyi mliuliza?”

Akacheka hadi wapakiaji wakacheka naye.

Kwa hiyo huenda habari yote ilizaliwa na swali lako, nililolibeba mimi, akalibeba Shyaka, likafika kwa mtu ambaye hakupenda kuonekana hajui. Nasema huenda, kwa sababu ghalani mwa Kabera niliona magunia yenye alama ya Kahama. Huenda si kitu. Mahindi mengi ya Gikondo hupitia Kahama. Huenda pia kicheko kile kilikuwa cha mtu aliyefurahi kwamba nimeridhika upesi. Kila nikitaka kumwamini nakumbuka magunia, na kila nikitaka kumshuku nakumbuka kwamba kumshuku kunanipunguzia lawama.

Kuhusu malipo: ninalipwa mshahara, na sikupokea kitu kingine kwa mtu yeyote. Hilo naliapia. Lakini Spesioza ameuliza vizuri. Nilimwendea mkuu wangu nikamwuliza kama mnunuzi wenu ni miongoni mwa wateja wetu. Alisema sisi tunaoandika hatupaswi kujua wanaosoma ni akina nani, ili tusipendelee. Miaka yote nimeona kanuni hiyo kuwa ya haki. Sasa sijui ilikuwa ikimlinda nani. Siwezi kukuapia kwamba yule mtu hakusoma muhtasari wangu kabla yenu.

Ofisini nimetoa masahihisho. Aliyenijibu ni mmoja, akiuliza bei ya maharage. Ndani ya bahasha hii kuna karatasi nyingine. Nimeandika upande mmoja tu. Inasema nilikosea, nilikoseaje, na kwamba katika barua ya kwanza nilikuonya usiuze. Nakuomba uipigilie ubaoni kabla ya mkutano, hata kama itanivunjia jina.

Binti yako,
Yvonne


Kigali, 4 Mei 2025

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Huku mvua hazijakatika. Barabara ya kwenda Kabeza ninakoishi ni tope tupu. Natumaini shamba limepata haki yake, na kwamba goti la Mama halikupata zaidi ya haki yake.

Hujajibu. Nimepiga simu, Mama hupokea na kusema uko shambani, kisha ananiuliza kama ninakula. Goodluck aliniambia mkutano uliahirishwa. Siku chache baadaye aliniambia ulifanyika ukaisha vizuri. Nilipomwuliza “vizuri” maana yake nini, akasema haukuisha. Dereva anayebeba barua zetu anasema ubaoni kuna karatasi, lakini yeye hasimami kusoma. Na katika kituo cha Nyabugogo nilikutana na mwanamke wa kutoka huko kwetu, akanieleza bila kunijua kwamba watu wameyasoma masahihisho na wamekubaliana jambo moja: yule binti wa Mzee Gazeti sasa amelipwa akanushe. Nilimwuliza kama aliisoma karatasi mwenyewe. Akasema, “Si lazima uisome, dada. Kila mtu anajua.”

Ningeweza kupanda basi nije. Nimelifikiria hilo mara nyingi. Lakini nikifika mimi, kila mtu atapanga maneno yake kabla sijashuka, na nitarudi na habari iliyoandaliwa kwa ajili yangu. Nilipoisoma tena sentensi hiyo nilihisi ni sababu nzuri mno. Huenda niliitafuta ili nisikuone ukiwa umekaa mbele ya duka na watu wanapita.

Kama kulikuwa na amri ya mahindi, iliyoandikwa ikafutwa kimyakimya, sijui. Kama malori yale yalirudishwa, na kwa nini, sijui. Wiki ile hakukuwa na mwandishi mpakani, na gazeti ambalo lingemtuma halipo tena. Hayo naweza kuishi bila kuyajua, kwa kuwa huenda hakuna ayajuaye. Sijui pia kama bado tumo kikundini, wala kama ile karatasi iliyoko ubaoni ni yangu. Haya mawili yana majibu. Mashahidi nimewapata wengi, Baba, na kila mmoja amenipa habari yake. Ambaye ningemwamini bila kumwuliza alijuaje ni mmoja, na ndiye ambaye hajaniandikia.

Binti yako,
Yvonne