Fundi Wangu Anataka Ubunge

Ijumaa, baada ya isha

Atanitia wazimu huyu mchungaji. Ndo huyohuyo fundi wangu wa gereji hapa mtaa wa Ghala, anarudi kwao Kenya kugombea ubunge. Anayemfundisha siasa ni mimi, Maskati nzima hakuna wa kunishinda kwa maneno.

Leo kapanda juu ya tairi anahutubia. Nikamzomea, ndo mazowezi: "Mwizi wewe."

Akafumba macho. "Ni kweli, mzee wangu. Kabla sijaokoka niliiba betri za magari. Bwana asifiwe."

"Ushuhuda uwache kanisani, we bwana. Kwenye siasa mtu anakana."

"Nikikana nitakuwa nimedanganya, mzee."

Nnaogopa atashindwa. Nnaogopa zaidi atashinda, gari langu atalitengeneza nani?

Kura yangu ningempa. Lakini betri nimeifungua, nnalala nayo chumbani.