Sweta la Mjukuu

Mikumi, 25 Desemba

Hivi kweli mjukuu wangu abatizwe leo Krismasi kavaa sweta la mama mkwe wa mwanangu Rehema! Mishono yenyewe imelegea kama chandarua. Langu nimelifuma mwezi mzima kwa raha zangu, na mtaani hapa hakuna anayenishinda kufuma.

Rehema alininong'oneza kanisani, "Mama, la kwako halipiti kichwani."

Nililipima kwa sweta lake la utotoni. Kumbe mwanangu kazaa bonge la mtoto!

Yule mama akacheka, "Mkwe, ulimfumia mwanasesere?"

Naogopa mtoto atamzoea yeye kuliko mimi.

Nimelifumua lote, naanza upya. Mwaka Mpya atavaa langu. Joto hili la Mikumi? Mbona sweta la yule mama kalivumilia.