Kwa Mjomba Fundi Siti, Uliyemtuliza Kishindo Wetu

Mwaka umeshatimia, Mjomba, tangu asubuhi ile cherehani yako iliponyamaza, na mafundi wenzako wakakukuta umeilalia kama mtu aliyepitiwa na usingizi.

Nimeomba niandike mimi kumbukumbu hii kwa niaba ya wote. Mama aliniangalia mara mbili. "Wewe? Wewe wa kujificha jikoni wageni wakija?" Nikasema ndiyo, mimi.

Tunakukumbuka na chaki yako nyuma ya sikio. Tunakukumbuka unavyoongea huku umebana pini mdomoni, na sisi tunakuelewa tu. Ukipanda gari la mtu, hata salamu bado, kidole gumba kishabonyeza siti. "Sponji hili limechoka, mwenzangu." Wengine walinuna, lakini wiki inayofuata walikuwa mlangoni kwako.

Mimi nakukumbuka zaidi kwa zile siku ishirini.

Kishindo alikuwa na miezi saba. Nyumbani alikuwa mbwa wa kawaida, ila ukimpandisha kwenye gari anakuwa kama amemwagiwa maji ya moto. Anaruka mbele, anarudi nyuma, anabwekea pikipiki, anatapika, anaanza upya. Siku moja alidondokea miguuni kwa Baba, karibu na breki. Gari likapanda kando ya barabara na kusimama hatua mbili kutoka kwenye nguzo ya umeme. Mama alikuwa analia. Baba alikuwa amehamishwa kikazi na sote tulikuwa tunahama, safari ya saa nne kwa gari. Akasema, "Basi. Huyu anabaki kwa jirani. Sitaki kuiua familia yangu kwa ajili ya mkia."

Sikubisha. Kubisha siwezi. Nilikuja na Kishindo kwenye karakana yako ya kushona siti za magari, nikakaa juu ya lundo la vipande vya ngozi. Ukatoa pini mdomoni, ukauliza kitu kimoja tu: "Tuna siku ngapi?" Nikakuonyesha vidole vyote kumi, mara mbili.

"Zinatosha."

Nyuma ya karakana kulikuwa na lile gari kuukuu lisilo na injini. Kila nikitoka shule tulikuwa tunampandisha. Kwanza milango yote wazi, na chakula chake kiko ndani. Kesho yake tunafunga mmoja. Siku ya tisa akalala mle ndani, miguu juu. Ukawaita mafundi wote: "Njooni mumwone bosi amepumzika!"

Ukamwita na Baba aje na gari lake. Kishindo akapanda mwenyewe, akakaa vizuri, mpaka nikaona fahari. Baba akawasha injini. Kishindo akampanda kichwani.

"Shemeji," Baba akasema, makucha ya Kishindo yakiwa shingoni mwake, "ndiyo dawa yenyewe hii?"

Ulicheka mpaka ukashika ukuta. "Shemeji, kosa ni letu, mbwa hana lake. Tumemfundisha kochi. Gari bado!"

Ukaniona machozi, ukaacha kucheka. Ukasema zimebaki siku kumi na moja na leo haijaisha.

Ukaanza upya bila kulalamika, na kazi za watu zikiwa zimejaa. Ukamwomba Baba gari lake kila jioni. Injini inawashwa, gari halisogei, tunakaa tu. Halafu mbele kidogo, nyuma kidogo, hapo getini. Halafu mpaka kwenye kona. Akianza fujo tunarudi hatua moja, hatumkaripii. Chakula akapewa baada ya safari, siyo kabla. Kwanza nakimbia naye mpaka ulimi unaning'inia, ndipo tunapanda. Na ulimshonea kizibao kwa mkanda wa gari, kifuani umeweka sponji laini, kinafungwa kwenye siti kama mkanda wa abiria. Mafundi wakakutania, "Mzee, na suruali yake lini?"

Ni wewe uliyegundua lile jambo. Wewe ukisema "Tulia!" kwa sauti yako ya kushindana na cherehani, Kishindo anashtuka na kusimama. Mimi nikisema, analaza masikio na kutulia. Shuleni kila siku naambiwa niongeze sauti, darasa zima linageuka kunitazama. Wewe ukaniambia, "Hiyo hiyo. Usiipandishe hata kidogo. Hapa ndiyo tunayoihitaji." Hakuna mtu aliyewahi kuniambia hivyo, Mjomba.

Siku ya safari Baba alisema, "Akiruka mara moja tu, nageuza gari." Ulikuja kukagua kizibao, ukakivuta mara tatu. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kukuambia. Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi. Yakakwama, gari likaondoka.

Kishindo alitetemeka mwanzoni, nikawa naongea naye chini chini, maneno yasiyo na maana. Hakuruka. Saa ya pili akaanza kukoroma. Baba akamtazama kwenye kioo, akanyoosha mkono, akapunguza redio ili asimwamshe. Hapo ndipo nilipojua anabaki na sisi.

Tulipofika Mama alikupigia, akanipa simu.

"Abiria vipi?"

"Amelala."

"Na dereva?"

"Amepunguza redio asimwamshe."

Ulicheka sana. Ukanyamaza, kama unasubiri. Nikamrudishia Mama simu. Nilijiambia nitakuambia likizo, uso kwa uso. Likizo haikuwa imefika tulipoitwa kuja kukuzika. Siku hiyo Kishindo alipanda gari pamoja na sisi, na hakuna aliyeuliza kama aje au asije.

Asante, Mjomba. Nimetaka ichapishwe hapa gazetini, kila mtu aisome, maana hili sitaki kulinong'ona.

Unakumbukwa na mama yako mzazi, bibi yetu, mke wako na watoto wako wawili, dada yako, ambaye ndiye mama yangu, shemeji yako, dereva, mafundi wenzako wote wa karakana, Kishindo, na mimi, mpwa wako.

Hutatutoka moyoni, leo na siku zote.