Shemeji Aliuliza Kama Umeme Umelala

Bibi Kuruthumu, shikamoo. Nakuomba uisome barua hii mpaka mwisho kabla hujanihukumu, maana mwezi mzima sasa natembea kama mtu aliye ndotoni, nakata ndizi shambani nikidhani niko kazini, na nikiwa kazini naona mwanga usiokuwepo.

Mimi ni mtu wa Nkunga, nafanya kazi kiwanda cha chai huku Rungwe, na kazi yangu ni kukaa kwenye swichi kubwa, nikiambiwa zima nazima, nikiambiwa washa nawasha. Fundi umeme wetu ni Asajile, ambaye amemwoa mdogo wangu Sekela, kwa hiyo ni shemeji yangu, na kwa umri mimi ni mkubwa kwake. Kabati lake la fyuzi liko nyuma ya mashine za kukaushia, hatuonani, basi tulizoea kuitana. Kwetu umeme ukizimwa tunasema umelala. Asajile huuliza kwa sauti kama umelala, nami nikishavuta mkono wa swichi chini naitikia kwamba umelala. Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria yetu. Kufuli la swichi lililetwa tangu mwaka juzi pamoja na kibao chekundu cha hatari, lakini meneja alilihamishia stoo ya kantini, akasema kinachoibwa ni sukari, umeme hauna mwizi.

Asubuhi ile ukungu ulikuwa umeingia mpaka ndani, na harufu ya majani yanayonyauka, Bibi, huwa inanichukua, nakaa kwenye kiti macho wazi lakini moyo uko mbali, niko na marehemu mama yangu tunachuma chai na vikapu mgongoni. Asajile alikuwa Ikuti wiki nzima kwenye msiba, akarudi siku hiyo nami sijamwona. Feni moja ilikuwa imekwama na majani yanarundikana, meneja akamkimbiza moja kwa moja kwenye kabati bila kupita kwangu. Nikasikia sauti yake ndani ya ukungu ikisema, "Ugonile?"

Wewe si wa huku, nikueleze. Neno hilo la Kinyakyusa ni salamu, lakini ukilitafsiri ni umelala. Nikafurahi kwamba shemeji amerudi salama, nikaitikia kwa nguvu, "Ndaga, ugonile," yaani asante, nawe hujambo. Kumbe hakuwa ananisalimu. Alikuwa anauliza habari za umeme kwa lugha ya nyumbani, na jibu langu akalipokea kwamba umelala.

Mwanga ulikuja mweupe, ukungu wote ukang'aa, nikaona kila tone la maji kwenye bati, na nikaona ni pazuri, Mungu anisamehe, ndipo mlio ukafuata. Umeme haukumshika. Uliruka tu kutoka shaba hadi shaba pale bisibisi ilipogusa, na ule mwako ukamuunguza uso na mikono yote miwili.

Sasa amelazwa, macho yamefungwa bendeji, na daktari hajasema kama ataona. Nikienda kumwona ananiambia, "Shemeji, nadhani sikuuliza vizuri." Sekela naye kila siku ananiuliza ilikuwaje, namjibu kwamba sijui. Mkaguzi wa viwanda anakuja mwisho wa mwezi, na meneja ameandika karatasi kwamba fundi alifungua kabati bila kuuliza, anataka niitie sahihi. Nikisaini, Asajile anakosa kazi na fidia. Nikisema kweli, labda nafungwa mimi.

Na kuna jambo sijamwambia mtu. Asajile ana adabu. Hajawahi kunisalimu ugonile hata siku moja, husema mugonile, kama mkubwa anavyosalimiwa. Niliisikia ile tofauti, Bibi. Niliisikia nikaipuuza. Nifanyeje?

Ni mimi Niliyeitikia, Nkunga.

JIBU

Marahaba, mwanangu. Nimekusoma mpaka mwisho kama ulivyotaka, na pole nakupa, kwako na kwa Sekela. Sasa nisikilize.

Ulisinzia macho wazi ukiwa umeshika roho ya mwenzako mkononi. Hilo ni kosa, nami sitakupaka mafuta. Lakini kwa kuitikia salamu peke yake hukumuunguza shemeji yako. Kiwanda gani hiki ambacho uhai wa fundi unategemea kupigiana kelele kwenye mngurumo wa mashine? Kufuli lilikuwepo. Lingekuwa kwenye swichi, na ufunguo mfukoni mwa Asajile, mngeamkiana mpaka jioni bila mtu kuungua. Meneja wako alilinda sukari akaacha watu wazi, na sasa anataka kalamu yako imsaidie. Ulimi wako umeshafanya makosa, mkono usiuongeze.

Hiyo karatasi usiisaini. Chukua karatasi yako mwenyewe, uandike kwamba Asajile aliuliza, kwamba wewe uliitikia, na kufuli liko wapi. Ile tofauti ya salamu nayo iandike, ingawa itakuuma. Nakala moja mpe mwenyekiti wa kamati ya wafanyakazi, nyingine mkabidhi mkaguzi mwenyewe, kisha mpeleke kwa miguu mpaka mlango wa kantini akalione hilo kufuli kwa macho yake. Kama watakufunga mimi sijui, na sitakudanganya. Najua tu kwamba ukinyamaza, yule mgonjwa ataishi maisha yake yote akijilaumu kwa kosa ambalo hakulifanya. Na tangu leo, mtu yeyote akikaribia lile kabati, inuka kwenye kiti chako ukamtazame usoni.

Lakini kabla ya mkaguzi, nenda hospitali, na Sekela awepo. Asajile haoni, kwa hiyo hatajua nani ameingia mpaka useme. Usingoje akuamkie. Sahau kwamba wewe ndiye mkubwa, simama karibu na kitanda chake, umwambie wewe kwanza, "Mugonile." Kisha umweleze kwamba aliuliza vizuri.