Kahawa ya Mji wa Kale

Nsambya, Jumatatu

Eti leo Mama Kato, mwenye nyumba wangu, ananifundisha Mombasa. Ameuzunguka Mji wa Kale asubuhi moja na kwaya ya kanisa lake, amevaa viatu vya visigino, na alichokiona ni jua na paka. Ukuta wa ngome anauita "yale mawe". Mimi niliyezaliwa chini ya ukuta huo nikaendelea kumenya matooke.

Kisha akatoa picha. "Hapa tuliingia makumbusho ingine, banange. Bule kabisa. Hata kahawa walitupatia."

Makumbusho gani? Ni nyumbani kwetu. Waliona mlango wa nakshi uko wazi wakaingia bila hodi, na kwa kuwa kwetu mgeni hafukuzwi, wakamiminiwa kahawa. Aliyeshika birika pembeni ya picha ni mama yangu, na leso aliyojifunga nilimpelekea mimi.

Amekonda. Barua zake husema hajambo tu, na mimi hujifanya naamini.

Nikamwuliza Mama Kato kama huyo mama alionekana mzima.

"Nani, wa kahawa?" akasema. "Sikumwangaria."