Swali Lako la Kiingereza

Shumba Viamboni

Kwa mjukuu wangu Ruweida,

Assalaam alaykum. Sisi ni wazima, na karafuu zimeanza kuanikwa. Mama yako ameshaalika watu kwenye maulidi ya kukupongeza kwa kufuzu udaktari mwezi ujao. Ng'ombe amefungwa uani, na mashehe wa Tumbe wamekubali kuja.

Jana tulisikiliza sauti uliyonitumia kwenye simu. Ulieleza habari za mvua ya Dar es Salaam, kisha ukauliza, "Babu, am I on track?" Mama yako akacheka. "Baba, msikie daktari wetu na Kizungu chake."

Mimi sikucheka. Nimefundisha Kiingereza miaka mingi. Aulizaye hivyo anataka kujua kama bado yumo njiani. Mtu anayekaribia kumaliza masomo hana haja ya kuuliza. Tangu hapo hofu imenishika.

Ikiwa uliyaacha masomo, niambie mimi kwanza. Usijifiche, wala usijidhuru kwa ajili ya sahani za pilau. Maulidi yatasomwa vivyo hivyo, kwa kushukuru kwamba u hai na umerudi nyumbani.

Babu yako akungojaye,
Mmanga